Nywele za Brashi ya Mjomba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba kitu kinachong'aa ni kisafi. Nilikuwa na miaka tisa, meno mawili ya mbele yametoka, na mtaa mzima wa Kayole sikumjua mtu wa kunishinda kusugua wavu wa kuchomea nyama. Nilisugua hata mahali ambapo mafuta yalikuwa yameshaisha, kwa sababu mstari mmoja mweusi ukibaki ulikuwa unanifuata mpaka kitandani. Chuma kilipogeuka rangi ya fedha ndipo nilipotulia.

Nimeanza na kosa langu kwa sababu kwa miaka mingi ndilo pekee nililoruhusiwa kulisimulia. Aya hiyo hapo juu nimeiandika mara nane. Kazi yangu ni kutengeneza simu, kazi niliyojifundisha kwa kufungua simu mbovu na kuziharibu zaidi, na kuandika nako nimejifundisha hivyohivyo. Kwa hiyo nikikosea mahali, mjue nimekosea baada ya kukagua.

Majuzi, baada ya matanga ya Mjomba kwisha, mama alinijia kibandani na gunia. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Kabla sijalifungua, harufu ilikuwa imeshanifikia: mafuta ya zamani, moshi, na ukali wa ndimu iliyoungua. Nikajua ni wavu. Nikajikuta nimefumba mdomo na kumeza mate taratibu, mara mbili, kuona kama kuna kitu kinachodunga. Ni tabia yangu. Huwa nafanya hivyo bila kujua, hata nikinywa chai.

Mjomba Athumani alikuwa kaka yake mama. Baba alipoondoka, Mjomba ndiye aliyetuchukua mimi, mama na dada yangu Isha, akatupa chumba kimoja katika vyumba vyake viwili, gorofa ya tatu. Ninyi mliokulia kwenye ploti kama ile, jengo la vyumba vya kupanga, mnajua: mitungi imepangwa kwenye korido, nguo za gorofa ya nne zinatonea za gorofa ya tatu, na ukipika samaki kila mtu anajua kwenu leo ni samaki. Chini, kando ya geti, Mjomba alikuwa na jiko lake la mishkaki. Lilikuwa pipa lililokatwa katikati na kuwekwa juu ya miguu ya chuma, na juu yake wavu. Alijifunza kazi hiyo kwa bibi yangu, Mombasa, na alikuwa na namna ya kupepea makaa kwa kipande cha katoni huku akiongea na watu watatu kwa wakati mmoja.

"Niaje, Athu? Hizo zimeiva ama bado zinalia?" wateja walikuwa wakimwuliza.

"Zinakulilia wewe. Toka jana zinauliza uko wapi."

Nilimpenda sana. Wengine walikuwa na baba, mimi nilikuwa na Mjomba, na nilihisi nimepata fungu kubwa kuliko wao. Alinipa kazi ya kusafisha wavu kila alasiri kabla hajawasha jiko, kwa sababu alikuwa ameona mimi ni mtoto wa kukagua. Vikombe nilivipanga mishikio ikitazama upande mmoja. Viatu nilivivua nikavilinganisha. Akaniita Bwana Afya, kama yule ofisa wa kaunti ambaye wauza chakula wote wa Spine Road walimwogopa. "Ngojeni kwanza," alikuwa akiwaambia wateja, "Bwana Afya hajapitisha wavu." Na wateja walingoja kweli, wakicheka, nami niliinama na kuchungulia kila mraba wa chuma kama mwenye mamlaka. Sijawahi kuwa mtu muhimu namna ile tena.

Hapo mwanzo wavu ulisafishwa kwa kitunguu. Ndivyo bibi alivyofanya. Unakata kitunguu nusu, unakichoma kwa uma, wavu ukiwa bado wa moto unausugua nacho, halafu unamalizia na nusu ya ndimu. Mafuta yanatoka na harufu inabaki nzuri. Lakini kitunguu haking'arishi. Kinaacha chuma cheusi, kisafi lakini cheusi, na mimi weusi ule ulinikera.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa na brashi ya waya ya kukwangulia kutu kabla ya kupaka rangi, yenye mpini wa mbao na nywele za chuma zilizosimama wima. Nilimtazama siku moja akiipitisha kwenye bomba lenye kutu, na bomba likatoka jeupe. Nilirudi mbio.

"Mjomba, tununue ile."

"Ile ni ya mageti, Bwana Afya."

"Inang'arisha."

Nilimsumbua wiki nzima. Mwishowe aliivuka barabara na mishkaki miwili mkononi, akarudi na brashi. Haikuwa mpya. Fundi alikuwa amempa ile aliyokuwa anakaribia kuitupa. Lakini wavu siku hiyo uling'aa mpaka wateja wakapiga mluzi, na Mjomba akanibeba mabegani. Nalisema hili wazi: brashi niliiomba mimi. Sehemu hiyo ni yangu na sijawahi kuikana.

Baada ya muda nywele za brashi zikaanza kung'oka. Nilizikuta kwenye sakafu, zingine kwenye mkono wa shati, nyembamba kama uzi na zimepinda kidogo kwenye ncha. Kwa kuwa zilikuwa nzuri, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kukusanya, nilizitia kwenye kibiriti kitupu. Zikafika nyingi. Ukikitikisa kibiriti, kilitoa sauti kama mvua ya mbali. Kwenye brashi pakatokea upara, kwanza kwenye kona, kisha katikati.

Upara ule ulinipa wasiwasi. Nilichukua brashi na kibiriti nikamwendea Mjomba, aliyekuwa akichoma nyama kwenye vijiti. Nikamfungulia kibiriti.

"Zinatoka," nikamwambia.

Alichungulia ndani. Akachungulia brashi. Halafu akanishika kidevu, akanifungua mdomo, akatazama pengo langu.

"Na haya yako je? Si yalitoka?"

"Yalitoka."

"Yataota mengine?"

"Mama anasema yataota."

"Basi na hizo zitaota. Endelea na kazi, Bwana Afya."

Mimi nikamwamini. Cheka ukitaka. Nilikuwa na miaka tisa, na yeye ndiye aliyejua kila kitu kuhusu moto, chuma na nyama. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nikishuka kuitazama brashi, kisha nikitia ulimi kwenye pengo langu kulinganisha. Meno yalikuja kwanza. Nilipoona jino la kushoto limechomoza na brashi bado ina upara, nilidhani chuma kinachukua muda zaidi. Nikaisubiri.

Jumapili moja mama alikaanga samaki kwa chakula cha mchana. Nakumbuka kwa sababu samaki yule ndiye aliyetuokoa sote tusiseme ukweli. Alasiri Mjomba akawasha jiko, na Isha, aliyekuwa na miaka sita, akashuka kudai mshkaki wake wa kwanza. Hiyo ilikuwa haki yake: mshkaki wa kwanza kuiva ulikuwa wa Isha, na hata mteja angekuwa na njaa namna gani angengoja. Alikula ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mafuta yakimtiririka kwenye kiwiko.

Kisha akaacha kutafuna. Akashika shingo.

"Kuna kitu kinanidunga."

Mjomba akacheka. "Ni pilipili hiyo, mama. Kunywa maji."

Isha akanywa maji. Akaanza kulia bila kufungua mdomo vizuri, mlio wa chini kama wa paka. Mama akashuka ngazi akifunga leso, na jirani yetu wa chini, Mama Njeri, akatoka na kisu mkononi kwa kuwa alikuwa akikata mboga, sukuma wiki.

"Woi, huyo amemeza mwiba," Mama Njeri akasema. "Si mmekula samaki? Harufu ilifika mpaka kwangu."

"Mwiba huo," mama akakubali. "Ulikwama tangu mchana, sasa ndio umeshuka."

"Ugali. Mpe tonge kubwa, asitafune."

Mwajua dawa hiyo. Sote tumetibiwa nayo. Tonge la ugali baridi, kubwa kuliko koo, mtoto analimeza zima ili lishuke na mwiba. Mama alimshika Isha magotini, Mama Njeri akafinyanga tonge. La kwanza likapita. La pili likapita. La tatu Isha aligoma, akashikwa pua. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nikaitazama brashi pale ilipotundikwa, na upara wake. Kisha nikautazama wavu. Kwenye mraba mmoja, chini ya nyama, kulikuwa na unywele mmoja wa waya umenasa, umesimama, mwekundu kwa moto.

Nikamvuta Mjomba shati.

"Mjomba. Ni waya."

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningeikumbuka vizuri zaidi, na labda ningeikataa.

"Bwana Afya. Wewe umeona waya ukiingia mdomoni mwake?"

Nikafikiri. Nilikuwa mtoto wa kutaka kusema kitu kama kilivyo.

"Sikuona."

"Basi usiseme usichokiona. Huo ni uongo, si ndio?"

"Ndio."

"Kibiriti kiko wapi?"

Nilikitoa mfukoni nikampa. Akakifungua na kukimwaga juu ya makaa. Nywele zile ziliwaka zote kwa pamoja, zikajikunja, zikatulia. Kibiriti chenyewe kikashika moto mwisho. "Tusimtie mama wasiwasi," akasema, akanipa mshkaki. Niliula. Hilo nalo ni kosa langu: niliula wote, na ulikuwa mtamu.

Jumatatu Isha alikwenda shule. Kooni palikuwa pametulia, na Mama Njeri akasifiwa. Jumanne akaanza kushika tumbo. Jumatano alikuwa na homa na hataki kuguswa upande wa kulia. Kwenye kliniki ya mtaani daktari aliuliza alikula nini, mama akasema samaki, ugali, mwiba, na Isha akapewa dawa ya maji ya rangi ya waridi. Nilikuwa hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao, na Mjomba amekaa karibu nami, na nilijua ninachokijua, lakini sikuwa nimekiona. Niliyarudia maneno yale kichwani kama mtu anayekariri aya madrasani: usiseme usichokiona. Nilidhani nafanya jambo la haki.

Alhamisi Isha hakuamka vizuri. Tumbo lake lilikuwa gumu kama meza. Mjomba alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na tukampeleka hospitali kubwa, na huko wakampiga picha ya eksirei.

Daktari aliiweka picha kwenye sanduku la taa. Niliona mbavu za dada yangu, na kiuno chake kidogo kama kipepeo, na katikati ya kijivu chote kile mstari mmoja mweupe, mfupi, umepinda kidogo kwenye ncha. Nilidhani picha imekwaruzwa. Kweli kabisa, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mtu ameikwaruza picha na kuiharibu, na nikasogea kuifuta kwa mkono wa shati. Kisha nikaitambua ile ncha.

"Huu si mwiba," daktari akasema. "Mwiba haungeng'aa hivi. Hiki ni chuma. Kimetoboa utumbo. Nyumbani mna kitu gani chenye waya?"

Mama akamtazama Mjomba. Mjomba akanitazama mimi. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, kwa sababu nilijua sasa atasema. Sasa kilikuwa kimeonekana. Kilikuwa pale ukutani, kinawaka, na mtu yeyote angeweza kukisema bila kusema uongo.

Akaniwekea mkono kichwani.

"Ni huyu, daktari," akasema. "Ndiye husafisha wavu. Aliichukua brashi ya mageti kwa fundi. Mara ngapi nimemwambia asisugue kwa nguvu, na kama kuna waya zinatoka aniambie? Lakini ni mtoto. Hakuniambia kitu."

Mkono wake ulikuwa mzito na wenye joto. Nakumbuka vidole vyake vikinipapasa nywele alipokuwa akisema hayo, kwa upole, kama ananituliza. Nikangoja amalizie. Nilingoja aseme habari ya kibiriti. Mama alinitazama, midomo yake ikafunguka, ikafungwa. Daktari akaniambia kwamba sasa nimejifunza. Nikasema ndio.

Walimpasua Isha siku hiyohiyo. Kwa muda ambao siwezi kuupima, sikujua kama ninaye dada au sina, na kila mlango uliofunguliwa kwenye korido ile nilidhani ni wa kuniambia mimi, kwa jina, nilichofanya. Alipotoka alikuwa mdogo kuliko alivyoingia. Waya ulitiwa ndani ya kichupa chenye kifuniko, na mama akapewa. Ungetosha kwenye ukucha wa kidole cha shahada.

Kwenye ploti walinisamehe wote, na haraka sana. "Ni mtoto tu, hakujua," Mama Njeri alisema, akanipa nusu ya embe. Watoto wenzangu waliniita Waya kwa muhula mmoja, kisha wakachoka. Mjomba akarudi kwenye kitunguu na ndimu, na akaifanya hadithi ya kuwachekesha wateja: "Hapa brashi hakuna, buda. Bwana Afya wangu hapa nusura atumalizie mtoto." Waliangua kicheko, nami nilicheka pia kwa kuwa kila mtu alikuwa akinitazama. Aliendelea kunipenda. Hapo ndipo panaponisumbua hata leo. Alininunulia viatu, alinifundisha kuogelea, na hakuwahi, hata mara moja tukiwa wawili, kukitaja kibiriti. Baada ya miaka michache nilianza kujiuliza kama kiliwahi kuwepo. Labda nilikiota. Labda nilitaka sana awepo mtu wa kushirikiana naye kosa, nikamzulia. Mtu ukiambiwa jambo na kila unayempenda, na wewe uko peke yako na kumbukumbu ya kitu kilichoungua, unaanza kuwaamini wao.

Isha alipopata nguvu ya kunitania alinipa jina lake mwenyewe. Muuaji. "Muuaji, nipitishie chumvi." "Muuaji, simu yako inalia." Alilisema kwa mapenzi, akicheka, na kama kulikuwa na wageni aliinua blauzi kidogo kuonyesha kovu. "Huyu ndiye alinifanyia hii. Alafu anajifanya mpole." Mimi nilicheka. Siku moja niliokota redio mbovu kwenye takataka, nikavunja spika, nikatoa sumaku. Kuanzia hapo nilipitisha sumaku juu ya sahani ya Isha kabla hajala, kimyakimya, wakati anapokwenda kunawa. Juu ya ugali, juu ya mchuzi, juu ya mkate. Haikushika kitu hata siku moja. Nilifanya hivyo mpaka nilipomaliza shule, na hivyo ndivyo nilivyopata kujua sumaku, na spika, na baadaye simu. Watu husifu mikono yangu kwamba haikosei. Ningependa kusema nilizaliwa nayo.

Sasa narudi kwenye gunia.

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja kibandani kwangu. Nilikuwa nimeutoa wavu na kuushika kwenye mwanga. Ulikuwa mweusi, umepakwa mafuta vizuri, kazi ya kitunguu.

"Athumani alisema uwe wako," mama akasema. "Alisema hakuna aliyeujua kama wewe."

"Alisema kitu kingine?"

"Kama nini?"

Sikupanga kuuliza. Nadhani nilitaka tu kusikia mtu akinihakikishia kwamba nilikiota, niachane nacho. "Kulikuwa na kibiriti, mama. Nilitia zile nywele za brashi ndani. Nilimwonyesha kabla Isha hajameza. Au ni mimi nimejitungia?"

Mama alivuta leso mabegani. Nje mtu alikuwa akijaribu spika mpya na muziki ukakatika katikati.

"Hujatunga," akasema. "Brashi ile niliiona mimi mwenyewe ina upara. Nilimwambia Athumani aitupe. Akaniambia na wewe umeshamwambia, umemletea ushahidi kwenye kibiriti. Tukacheka. Ilikuwa kabla ya Jumapili ile."

Niliuweka wavu chini polepole.

"Kwa hiyo pale kwa daktari ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Mwanangu." Alinitazama kwa macho makavu. "Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto akikosea watu husikitika siku mbili, wakasahau. Wangejua ni Athumani, nani angekula kwake tena? Na kwake ndiko tulikolala, mimi na wewe na Isha. Nilifikiri litakupita. Watoto hupitwa na mambo."

"Halikunipita."

"Ulikuwa unacheka," mama akasema. "Kila walipokutania ulikuwa unacheka."

Nilikuwa ninacheka kweli.

Nataka niwe mwadilifu kwake. Najua sasa ni kitu gani kuwa na watoto wawili ndani ya nyumba ya mtu, na ndugu yako ndiye ukuta na ndiye paa. Nimejaribu kujiweka mahali pake, na kila nikifika pale kwenye chumba chenye sanduku la taa, naona ananitazama, midomo inafunguka, inafungwa. Kwa miaka yote hiyo nilidhani midomo ile ilifungwa ili isinilaani. Ilifungwa ili isinitetee. Mjomba alikuwa ameniwekea mkono kichwani. Mama alikuwa hatua moja tu kutoka nilipokuwa.

Isha alikuja Jumamosi kuchukua simu niliyombadilishia kioo. Anafanya kazi kwenye saluni, na siku hiyo kucha zake zilikuwa na rangi mbili, alikuwa akijaribia wateja.

"Muuaji, imeshaiva?"

Nilimwambia akae. Nikamweleza yote kwa mpangilio: kitunguu, fundi wa mageti, brashi niliyoiomba mimi, upara, kibiriti, meno yatakayoota, waya mwekundu kwenye wavu, usiseme usichokiona, mkono kichwani. Mwisho nikamweleza mama alichosema kwenye kiti hichohicho alichokalia. Hakunikatiza. Alikuwa ameweka mkono tumboni, upande wa kulia, juu ya nguo.

"Ulisema iliombwa na nani, hiyo brashi?"

"Mimi."

"Sawa. Hiyo ni yako." Akafikiri. "Lakini uliwaambia."

"Nilimwambia Mjomba."

"Na Mjomba akamwambia mama. Kabla."

"Kabla."

"Manze." Alisema neno hilo taratibu, kama halina haraka ya kutoka. "Na mi nimekaa hapa nikiwaonyesha watu kovu. Mbele ya mama. Nikikuita vile mbele yake, na yeye anapakua chai."

"Ulikuwa unatania."

"Usinitetee, tafadhali. Umewatetea watu wa kutosha."

Alichukua simu, akaiwasha, akakikagua kioo kwa kukiinamisha kwenye mwanga namna ninavyokagua mimi. Mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau kitu. Nikajiandaa kulisikia lile neno, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiniaga siku zote. Hakulisema.

Na mama tunaongea. Ninampelekea mkate, ananiuliza kama nimekula, tunazungumzia bei ya maji. Siku hizi nikiwa kwake huwa nakaa karibu na mlango. Wavu wa Mjomba uko juu ya kabati langu ndani ya gunia lake, na bado sijachomea kitu juu yake, ingawa kitunguu ninacho na uma ninao. Sumaku ya spika nimeirudisha kwenye droo ya kazi pamoja na bisibisi, mahali inapotumika kuokota skrubu.

Isha haniiti tena Muuaji. Ananiita kwa jina langu.